Riba mnapanga nyinyi, bili tunalipa sisi: barua ya wazi kuhusu madeni ya dola

Kwa: Magavana wa benki kuu za mataifa makubwa, mawaziri wa fedha wa G20, kundi la mataifa yenye uchumi mkubwa, na viongozi wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na Benki ya Dunia

Nakala: Mawaziri wa fedha wa nchi zinazokopa

YAH: KUGAWANA HASARA YA RIBA NA YA SARAFU KATIKA MADENI YA NCHI ZINAZOINUKIA KIUCHUMI

Waheshimiwa,

Machi 2022 riba ya Benki Kuu ya Marekani ilikuwa karibu na sifuri. Ilipofika Julai 2023 ilikuwa imepandishwa mara 11, hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Sababu zilitolewa hadharani na zinaeleweka: bei nchini Marekani zilikuwa zikipanda kwa kasi ambayo haikuwa imeonekana kwa miaka 40, na kulinda thamani ya fedha ya wananchi wao ndiyo kazi waliyopewa kisheria. Kwa hiyo siwaandikii kulalamikia kupandishwa kwa riba. Nawaandikia kuhusu bili iliyofuata, na kuhusu mikataba inayoamua nani ailipe.

Nianze na hesabu, maana nimeona mara nyingi mjadala huu unapotelea kwenye maneno makubwa. Chukueni serikali iliyokopa dola bilioni 1 kwa riba ya asilimia 7, wakati dola moja inauzwa kwa 100 za sarafu yake. Kila mwaka inadaiwa riba ya dola milioni 70, sawa na bilioni 7 za kwake. Riba ya Marekani inapanda. Mwenye mtaji anaona anaweza kupata faida nzuri kule bila wasiwasi wowote, basi anahamisha fedha zake. Na kila anayehama huuza sarafu ya nchi ile na kununua dola. Dola inafika 130. Dola milioni 70 zile zile sasa ni bilioni 9.1. Deni lenyewe lililokuwa bilioni 100 limekuwa bilioni 130. Mkataba haujabadilika hata nukta, na hakuna shule wala mtambo wa umeme ulioongezeka.

Sasa mtazameni ofisa wa bajeti aliyekaa mbele ya jedwali hilo. Mistari anayoweza kuigusa ni michache. Mishahara ya walioajiriwa tayari hawezi kuikata. Pensheni hawezi. Riba ndiyo kabisa, kwa sababu kuchelewa kuilipa ni kutangaza mbele ya dunia nzima kwamba nchi imeshindwa. Anabaki na nafasi mpya za wauguzi, ununuzi wa dawa, vitabu, matengenezo ya barabara. Anakata hapo, kidogo huku na kidogo kule, hadi jedwali lilingane. Mwaka unaofuata hatifungani, yaani hati ya deni iliyouzwa kwa wawekezaji, inaiva na mtaji wote unatakiwa kwa mkupuo, na soko lililomkopesha kwa asilimia 7 sasa linataka zaidi ya 10 au halitaki kumkopesha kabisa.

Mfano huo nimeutunga, lakini nchi zimeupitia. Kenya ilikuwa na hatifungani za miaka kumi za mwaka 2014, jumla ya dola bilioni 2, kwa riba ya asilimia 6.875. Zilipokaribia kuiva, Februari 2024, ikabidi ikope dola bilioni 1.5 kwa gharama iliyozidi asilimia 10 ili iweze kuzirudisha. Misri ilipoiachia sarafu yake ipangiwe bei na soko, Machi 2024, dola iliyokuwa ikiuzwa rasmi kwa pauni 31 hivi ilifika karibu 50. Sri Lanka iliacha kulipa madeni ya nje Aprili 2022, kwa mara ya kwanza katika historia yake. Ghana ikafuata Desemba mwaka huo. Ethiopia, Desemba 2023, haikulipa riba ya dola milioni 33. Narudia, milioni 33, kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 100.

Sisemi kwamba riba ya Marekani peke yake ndiyo iliyoziangusha. Sri Lanka ilikuwa imejipunguzia kodi mwaka 2019, kisha watalii wakatoweka. Ghana ilikuwa imekopa kupita uwezo wake. Na vita vya Ukraine vilivyoanza Februari 2022 vilipandisha bei ya mafuta, ngano na mbolea wakati ule ule, na vyote hivyo hununuliwa kwa dola. Dola ghali na bidhaa ghali zilikuja pamoja. Benki ya Dunia yenyewe ilihesabu kwamba mwaka 2023 nchi zinazoendelea zililipa dola trilioni 1.4 kuhudumia madeni ya nje, na kati ya hizo bilioni 406 zilikuwa riba tupu. Umoja wa Mataifa nao ulieleza mwaka huo kwamba watu bilioni 3.3 wanaishi katika nchi zinazotumia fedha nyingi zaidi kulipa riba kuliko zinazotumia kwa afya au kwa elimu.

Haya si mageni kwenu. Paul Volcker alipochukua uongozi wa Benki Kuu ya Marekani mwaka 1979 aliamua kuvunja mfumuko wa bei kwa gharama yoyote, na kufikia 1981 riba ilikaribia asilimia 20. Agosti 1982 Meksiko ikatangaza kwamba haiwezi kulipa, na nyuma yake zikaanguka nchi nyingi za Amerika ya Kusini na Afrika. Wakati ule wakopeshaji wakubwa walikuwa benki za biashara za nchi tajiri, zenye madeni hayo kupita mitaji yao. Zikapewa muda wa kujiimarisha. Wadaiwa wakapewa mikopo mipya ya kulipia mikopo ya zamani. Ilichukua hadi 1989, miaka saba, kwa mpango uliobeba jina la Nicholas Brady, Waziri wa Fedha wa Marekani wa wakati huo, kukubali jambo ambalo lilikuwa wazi tangu mwanzo: sehemu ya deni ilikuwa haiwezi kulipika. Watu wa Amerika ya Kusini wanakiita kipindi kile muongo uliopotea. Mtoto aliyeanza shule mwaka 1982 alikuwa anamaliza ya msingi wakati waheshimiwa wa enzi hizo wanafikia uamuzi.

Mwaka 2013 hata kupandisha riba hakukuhitajika. Tarehe 22 Mei Ben Bernanke, mwenyekiti wa Benki Kuu ya Marekani wa wakati huo, aliliambia bunge la Marekani kwamba ununuzi wa dhamana, ambao benki hiyo iliutumia kumwaga fedha sokoni, unaweza kuanza kupunguzwa, na kauli hiyo ilitosha kuyumbisha sarafu za Brazil, India, Indonesia, Afrika Kusini na Uturuki. Mwaka huo huo mchumi Hélène Rey aliwaeleza magavana waliokutana Jackson Hole, Marekani, kwenye mkutano wao wa kila mwaka, kwamba mitaji duniani huenda na kurudi kwa mdundo mmoja, na mdundo huo unatoka Washington, hata kwa nchi iliyoiachia sarafu yake ielee. Yaani utafiti upo, na mliusikia mkiwa mmekaa ukumbini.

Mwaka 1971 John Connally, akiwa Waziri wa Fedha wa Marekani, aliwaambia wenzake wa Ulaya hivi: “Dola ni sarafu yetu, lakini ni tatizo lenu.” Wazungu walikasirika, na walikuwa na haki. Baadaye walijijengea kinga. Leo Benki Kuu ya Ulaya, ya Uingereza, ya Uswisi, ya Japani na ya Kanada zina makubaliano ya kudumu ya kubadilishana sarafu na Benki Kuu ya Marekani: dola zikiadimika, zinapatikana. Machi 2020, hofu ya korona ilipokausha dola duniani, mlango huo ulifunguliwa kwa muda kwa benki kuu nyingine 9, zikiwemo za Brazil, Meksiko, Korea Kusini na Singapore. Ya Afrika haikuwemo hata moja. Uliongezwa utaratibu mwingine wa kupata dola kwa kuweka rehani dhamana za serikali ya Marekani. Lakini ukiwa nazo za kutosha kuweka rehani, tayari wewe si yule aliyeishiwa. Wiki zile fedha za wawekezaji zilizokimbia masoko yetu zilizidi dola bilioni 100. Zenye mlango zilipumua. Zisizo na mlango zilikwenda kupanga foleni IMF.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Nakubaliana nao, na sitaki yeyote asome barua hii kama ombi la kufutiwa madeni yote. Nchi iliyokopa kwa hiari yake, ikasaini, ilipe. Ninachopinga ni mkataba unaomtwika mkopaji hatari zote tatu kwa pamoja: hatari ya mradi kutofaulu, ambayo ni halali yake, hatari ya sarafu, na hatari ya riba inayoamuliwa katika kikao ambacho hana kiti. Mkopeshaji naye anatoza riba ya juu kwa sababu, anasema, kumkopesha huyu kuna hatari. Basi kama amelipwa kwa ajili ya hatari, hatari ikija aibebe kidogo.

Ombi langu kuu ndilo hili, na linawezekana. Julai 2024 kimbunga Beryl kiliipiga Grenada. Hatifungani za nchi hiyo ndogo zilikuwa na kifungu kinachosema kwamba kimbunga kikileta hasara ya kiwango kilichokubaliwa, malipo yatasogezwa mbele. Serikali ikakitumia. Fedha zilizokuwa ziende kwa wadai zikabaki nyumbani katika miezi ile ya kuezeka upya mapaa, na Grenada haikuhesabiwa kuwa imeshindwa kulipa, kwa sababu kuahirisha kulikuwa ndani ya mkataba tangu siku ya kwanza. Benki ya Dunia nayo ilitangaza Juni 2023, kwenye mkutano wa Paris, kwamba itaweka vifungu vya namna hiyo katika mikopo yake kwa nchi ndogo zinazokumbwa na majanga.

Naomba kifungu kama hicho kwa riba. Kimbunga kinahitaji wataalamu wa kukadiria hasara. Riba ya benki kuu inatangazwa kwa tarakimu, siku na saa inayojulikana, na dunia nzima inaisoma kwa wakati mmoja. Hakuna kipimo rahisi zaidi ya hicho. Kifungu kinaweza kusema: riba ya msingi ya sarafu ya mkopo ikipanda kupita kiwango kilichoandikwa ndani ya miezi 24, mkopaji ana haki ya kusogeza mbele kwa miaka miwili mtaji unaoiva, kwa riba ile ile ya awali. Mkopeshaji hapotezi mtaji. Anasubiri, na akiwa anasubiri analipwa. Mkopaji naye halazimiki kwenda sokoni katika mwezi mbaya kuliko yote na kujifunga kwa asilimia 10 kwa miaka saba ijayo.

Najua jibu litakalotolewa, nimelisikia: wawekezaji watadai riba kubwa zaidi kwa hatifungani zenye kifungu hicho. Huenda wakadai kidogo. Lakini naomba walinganishe na kinachowapata sasa. Ghana ilipomaliza mazungumzo na wenye hatifungani zake mwaka 2024, walio wengi walikubali kupoteza asilimia 37 ya mtaji wao, baada ya kukaa karibu miaka miwili bila malipo. Mwekezaji mwenye akili timamu, ukimpa achague kati ya kusubiri miaka miwili huku akilipwa riba na kupoteza zaidi ya theluthi moja ya mali yake, atachagua nini?

Kuhusu sarafu ni hivyo hivyo. Benki ya Dunia na benki za maendeleo za kanda zina mitaji ya nchi nyingi na jina zuri sokoni. Zina uwezo wa kubeba sehemu ya hatari ambayo wizara moja ya fedha haiwezi. Tangu 2007 upo mfuko wa TCX, ambao kazi yake ni hiyo hasa, kuwakinga wakopaji dhidi ya kuyumba kwa sarafu. Kazi yake bado ni ndogo ukilinganisha na hitaji. Kopesheni kwa sarafu ya mkopaji pale ambapo mradi utaingiza sarafu hiyo. Bomba la maji linalipiwa na mwenye nyumba kwa fedha anayolipwa mshahara, halilipiwi kwa dola.

Lipo pia suala la muda, na hapa nasema kwa uchungu. Novemba 2020 G20 ilitangaza Mfumo wa Pamoja wa kushughulikia madeni. Mwezi huo huo Zambia iliacha kulipa riba ya dola milioni 42.5. Ikaomba kuingia kwenye mfumo mapema mwaka 2021, pamoja na Chad na Ethiopia. Makubaliano na serikali zinazoidai yalipatikana Juni 2023. Na wenye hatifungani, Juni 2024, ukame ukiwa tayari umetangazwa kuwa janga la taifa. Kwa nini ilichukua miaka mitatu na zaidi? Kwa sababu kila mdai alihofu kwamba nafuu atakayotoa yeye itatumika kumlipa mwingine. Serikali za Ulaya ziliiangalia China, China ikaiangalia Benki ya Dunia, na wenye hatifungani wakawaangalia wote. Hofu hiyo haiishi kwa kuhimizana. Inaisha kwa kanuni: nchi ikiomba, malipo kwa wadai wote wa nje yasimame siku hiyo, na takwimu zile zile za madeni ziwe mezani kwa kila mmoja. Kila mwezi wa kuvutana ukimgharimu mdai pia, mazungumzo yatakwenda haraka.

Na sheria iwalinde wanaokubali dhidi ya wanaovizia. Mwaka 1979 Romania iliikopesha Zambia dola milioni 15 hivi kununulia matrekta na zana za kilimo. Miaka 20 baadaye, Zambia ikiwa imeelemewa, kampuni iitwayo Donegal International ililinunua deni hilo kutoka Romania kwa dola milioni 3.3 hivi, kisha ikafungua kesi London ikidai zaidi ya milioni 50. Mwaka 2007 mahakama iliamuru ilipwe takriban milioni 15. Hiyo ilikuwa miaka ile ile ambayo nchi zenu zilikuwa zikiisamehe Zambia madeni. Sehemu ya msamaha wenu ikaishia mfukoni mwa mtu ambaye hakuwahi kuikopesha Zambia hata senti. Bunge la Uingereza liliona aibu hiyo, na mwaka 2010 likapitisha sheria ya kuweka kikomo cha madai ya namna hiyo kwa nchi maskini zenye madeni makubwa. Ni sheria nzuri, ila inagusa madeni ya zamani tu. Hatifungani nyingi za kimataifa husimamiwa na sheria ya Uingereza au ya New York. Mabunge mawili tu yakitunga sheria, tatizo hili linapungua kwa sehemu kubwa sana.

Jambo moja nilitaje haraka kwa sababu linatia wasiwasi kwa sasa. Dola za kulipia deni hazichapishwi na mkopaji. Zinapatikana kwa kuuza bidhaa nje. Aprili 2025 Marekani ilitangaza ushuru mpya, na Lesotho, nchi ya watu milioni 2 hivi inayoshona nguo kwa ajili ya soko hilo, ikapangiwa asilimia 50 kabla ya kiwango hicho kusitishwa na baadaye kupunguzwa. Mawaziri wa fedha wa G20, mnapokaa kujadili madeni chumba kimoja na ushuru chumba kingine, tafadhali unganisheni vyumba hivyo. Hamwezi kudai dola na hapo hapo kuziba njia zinakopitia.

Sasa niwageukie mliopewa nakala, waheshimiwa mawaziri wetu. Kukopa harusi, kulipa matanga, na harusi hizo tulizishuhudia. Riba ilipokuwa chini baada ya 2008, kuuza hatifungani za dola kuligeuka sifa, na fedha zikajenga vitu ambavyo havitaingiza dola hata moja. Nyingine hazikujenga kitu. Msumbiji ilibeba mikopo ya siri ya takriban dola bilioni 2 iliyosainiwa mwaka 2013 na 2014 bila bunge kujua, na ilipofichuka 2016 wafadhili waliondoka na aliyeumia ni mwananchi ambaye hakuwahi kuuona mkataba. Hamuwezi kudai mikataba ya haki huko nje huku yenu mmeifungia kabatini. Ichapisheni yote, na riba yake, na dhamana iliyowekwa.

Na msiseme hakuna la kufanya. Brazil haikusubiri. Ilianza kupandisha riba yake Machi 2021, mwaka mzima kabla ya Marekani, kutoka asilimia 2 hadi 13.75 kufikia Agosti 2022, ikiwa na akiba kubwa ya fedha za kigeni na sehemu kubwa ya deni ikiwa kwa sarafu yake yenyewe. India na Indonesia, zilizotikisika vibaya mwaka 2013, zilisimama imara zaidi safari hii kwa sababu katikati hapo zilijenga akiba na masoko ya ndani ya dhamana. Kinga hii nayo ina gharama yake. Riba ya asilimia 13.75 humuumiza kila Mbrazili aliyetaka mkopo wa kupanua biashara. Akiba iliyolala nje ikisubiri dhoruba ni fedha ambayo haikujenga chochote nyumbani. Ndiyo maana siamini kwamba kila nchi ijikinge peke yake ndiyo njia. Lakini hadi mikataba ibadilike, jikingeni.

Waheshimiwa, Septemba 2024 riba ya Marekani ilianza kushushwa, na masoko yakawa mepesi zaidi kutukopesha. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu katika utulivu ndipo mikataba ya miaka kumi husainiwa, na hakuna anayetaka kuzungumzia dhoruba siku ya jua. Hatifungani itakayouzwa bila kifungu cha riba itabaki hivyo hadi iive. Hata mkikubali kila nilichoandika lakini mkachelewa, kizazi kimoja cha madeni kitakuwa kimeshapita.

Mikutano ya IMF na Benki ya Dunia hufanyika kila Aprili na Oktoba. Naiomba Benki ya Dunia iwe ya kwanza: ipeleke kwenye bodi yake kifungu cha riba kwa mikopo yote mipya, kama ilivyofanya kwa vimbunga. Naiomba IMF, pale inapotathmini kama deni la nchi linabebeka, ioneshe waziwazi hali itakavyokuwa riba ya dola ikipanda kwa pointi tano za asilimia, na iwaeleze wakopeshaji hivyo kabla hawajasaini. Na ninawaomba magavana, mnapotangaza uamuzi wa riba na kueleza utakavyowagusa watu wenu, mtoe aya moja ya tathmini kuhusu utakavyotugusa sisi. Hakuna sheria inayowakataza kuiandika.

Naomba kuwasilisha.

Wenu,
Mwananchi wa nchi inayodaiwa